Grimm, Kluge, Pfeifer au Duden: kamusi ipi ikufukulie asili ya Elfenbein?

Mwanafunzi wa Kijerumani akishavuka masomo ya mwanzo huanza kuyapasua maneno marefu mwenyewe. Handschuh ni Hand na Schuh, kiatu cha mkono, yaani glavu. Amepata. Krankenhaus ni nyumba ya wagonjwa. Amepata tena. Kisha anakutana na Elfenbein. Bein anaijua tangu siku za kwanza, ni mguu. Elfe, kamusi ya mfukoni inamwambia, ni kiumbe wa ngano, jamaa ya vibwengo, mwenye mabawa na mwili mwepesi. Mguu wa kibwengo! Kumbe Elfenbein ni pembe za ndovu.

Walimu wengi hapo husema "kariri tu", na kwa mtu anayesubiri mtihani si ushauri mbaya. Anayetaka kujua zaidi atatajiwa kamusi nne: ya ndugu Grimm, ya Kluge, ya Pfeifer na ile ya Duden, jina maarufu la kamusi za Kijerumani. Zote zimeandikwa kwa Kijerumani, zote zinaheshimika, na hazifanani hata kidogo. Hapa nazilinganisha kwa neno hilihili moja, na mengine machache pale ambapo Elfenbein halitoshi kuzipima.

Kwanza jibu lenyewe, ili tuwe na kipimo. Katika Kijerumani cha Kale cha Juu, kile cha takriban mwaka 750 hadi 1050, neno lilikuwa helfantbein. Helfant ni ndovu, jina lililotoka Kigiriki likapita Kilatini. Bein wakati huo ilikuwa mfupa, wala si mguu. Kwa hiyo helfantbein ni mfupa wa ndovu, basi. Karne zilizofuata likafupika kuwa helfenbein, na kuanzia karne ya 16, enzi za Luther aliyeitafsiri Biblia kwa Kijerumani, sura isiyo na h ikashinda, neno Elefant likiivuta upande wake. Na Elfe? Hilo liliingia Kijerumani karne ya 18, kutoka Kiingereza. Neno lililokuwapo miaka mia nane kabla haliwezi kuwa mtoto wa mgeni huyo.

Maana ya zamani ya Bein haijafa. Muuguzi wa Kitanzania au Kikenya anayekwenda kufanya kazi Ujerumani ataikuta wodini: Schlüsselbein ni mtulinga, Brustbein ni mfupa wa kidari, Nasenbein mfupa wa pua. Hakuna mguu puani. Mfupa tu, kama zamani. (Wajerumani waliita mfupa, sisi tunaita pembe, na kitu chenyewe ni jino. Hakuna aliyepatia.)

Hadithi ya mguu wa kibwengo ni mfano wa kile ninachopenda kukiita etimolojia (maelezo ya asili ya neno) ya kijiweni: watu wanalisikia neno la kale, wanaona sehemu zake zinafanana na maneno wanayoyajua leo, wanaunga hadithi. Waswahili tunaujua mchezo huu vizuri sana. Bagamoyo, bandari ambako misafara ya pembe kutoka bara ilikuwa ikimalizikia, na ambayo Wajerumani waliifanya makao yao makuu ya kwanza kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, ina hadithi zake za "bwaga moyo", na kila msimulizi ana mzigo wake wa kubwagwa. Kazi ya kwanza ya kamusi ya asili ya maneno, kwa maoni yangu, ni kukupa silaha dhidi ya kijiwe. Silaha hiyo ni tarehe: sehemu hii ya neno ilikuwapo lini, ile ilikuwapo lini, na wakati huo zilikuwa na maana gani. Hicho ndicho kipimo changu kikuu. Cha pili ni kama unaweza kuipata kamusi bila kuuza mbuzi, na kuielewa ukishaipata.

Pfeifer

Nianze na ninayoipendekeza, nisije nikakuchosha kabla ya kufika. Etymologisches Wörterbuch des Deutschen ilitungwa na kundi la watafiti chini ya Wolfgang Pfeifer huko Berlin Mashariki, ikatoka kwa juzuu tatu mwaka 1989, mwaka uleule ukuta wa Berlin ulipoanguka. Toleo la pili lilifuata mwaka 1993. Leo yote imo kwenye DWDS, tovuti ya kamusi ya Chuo cha Sayansi cha Berlin-Brandenburg, bila malipo na bila kujisajili. Unaandika neno, unashuka hadi sehemu ya Etymologie, unasoma.

Uzuri wake ni kwamba inasimulia. Kamusi nyingi za aina hii zimeandikwa kama telegramu. Pfeifer anakupa sentensi, anakupa karne ambayo kila umbo linaonekana, anakuambia maana ilihama vipi. Kwa maneno ambatani hilo ni jambo kubwa, maana sehemu mbili za neno huwa na safari mbili tofauti.

Chukua Maulwurf, yaani fuko, yule mnyama achimbaye chini ya ardhi. Kwa macho ya leo ni Maul, mdomo wa mnyama, na Wurf, mrusho: anayerusha udongo kwa mdomo. Kijiwe kimeridhika. Lakini umbo la kale ni mūwerf, na sehemu ya kwanza ilikuwa na maana ya lundo: mrusha malundo. Watu walipoacha kuielewa mū- wakaibadilisha kuwa molt-, udongo, ndipo likapatikana moltwerf. Na udongo huo nao ulipotoka vinywani mwa watu, wakaingiza Maul. Kosa juu ya kosa, na kila kosa lina mantiki yake. Ukiambiwa tu kwamba "Maul hapa si mdomo", umepewa nusu ya habari. Zile hatua tatu ndizo utamu, na hizo unazipata kwa Pfeifer zikiwa zimepangwa kwa mfuatano unaosomeka.

Friedhof ni mtihani mgumu zaidi. Ni makaburini, na kila mtu anasikia ndani yake Friede, amani: uwanja wa amani, mahali pa kupumzikia. Kihistoria lilikuwa frīthof, ua uliozungushiwa uzio mbele ya kanisa, kutokana na kitenzi cha kulinda na kuhifadhi. Kama lingefuata mkondo wa kawaida wa sauti lingekuwa Freithof, na kweli umbo hilo lipo Bavaria na Austria. Wangapi wamekomea hapo wakatangaza kwamba amani haihusiki! Ila Friede na kitenzi kile ni ndugu wa mbali, wametoka kwenye shina moja. Kijiwe kimepotea njia lakini kimetokea mtaa wa pili tu. Kamusi fupi haina nafasi ya kueleza hali ya namna hii. Pfeifer anayo.

Udhaifu? Wanaofuatilia utafiti mpya wa lugha za kale watakuambia baadhi ya maelezo yake ya mizizi ya mbali ni ya miaka ya themanini. Ni kweli. Kwa swali la neno ambatani la Kijerumani, ambalo mara nyingi linaishia karne ya nane au ya tisa, hutaona tofauti.

Grimm

Ndugu Jacob na Wilhelm Grimm wanajulikana duniani kwa ngano. Kamusi yao, Deutsches Wörterbuch, ilianza kwa kufukuzwa kazi. Mwaka 1837 walikuwa maprofesa Göttingen. Mfalme wa Hannover akaifuta katiba, maprofesa saba wakapinga kwa maandishi, wote saba wakaachishwa, na Jacob akiwa miongoni mwa watatu akaamriwa kutoka nje ya ufalme. Hawana mshahara, wachapishaji wa Leipzig wakawaletea wazo la kamusi, na mwaka 1838 wakakubali. Sehemu ya kwanza ilitoka 1852. Wilhelm alifariki 1859 akiwa amemaliza D. Jacob alifariki 1863 akiwa amefika kwenye neno Frucht, tunda. Wengine wakaipokea, vizazi kwa vizazi, kupitia vita viwili na nchi kugawanyika, na neno la mwisho likachapishwa mwaka 1961. Juzuu 32, vidahizo (maneno yanayoelezwa) takriban 320,000.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu yanaamua utaitumiaje. Hii si kamusi ya wakati mmoja. Herufi A hadi F ni elimu ya miaka ya 1850 na 1860. Sehemu nyingine ni za karne ya 20, zenye mbinu tofauti kabisa. Toleo jipya la A hadi F lilifanyiwa kazi kwa miongo kadhaa na kukamilika mwaka 2016, lakini watu wengi wakisema "Grimm" wanamaanisha lile la kwanza, ambalo lilitiwa kwenye mtandao na wataalamu wa Trier na linasomwa bure.

Elfenbein limo kwenye juzuu ya tatu, ya mwaka 1862, kalamu ya Jacob mwenyewe, kwa kuwa E ilikuwa fungu lake. Elfe nalo limo humo humo, na Jacob hakulipenda: aliliona ni umbo la kuazima, akapendelea Elb, ambalo ndilo Kijerumani halisi kingelizaa. Kwa hiyo maneno mawili yanayochanganywa na wanafunzi yameshughulikiwa na mtu mmoja, karibu ukurasa kwa ukurasa.

Kinachomfanya Grimm awe peke yake ni ushahidi. Anakuonyesha neno likitumika: kwenye Biblia, mashairi, hati, barua, kutoka karne ya 16 kuja mbele. Mtu anayetafsiri maandishi ya zamani, au anayetaka kujua Elfenbein lilikuwa na ladha gani kabla ya karne ya 19, hana pa kwenda zaidi ya hapa.

Lakini jiandae. Nomino zote zimeandikwa kwa herufi ndogo, jambo ambalo lingekugharimu alama kwenye mtihani wowote wa leo. Maana mara nyingi inatolewa kwa Kilatini, kana kwamba msomaji amelala na Kilatini mtoni. Vyanzo vimefupishwa kwa namna inayohitaji orodha yake nyingine. Na kwa maelfu ya maneno ambatani hakuna etimolojia yoyote: kuna neno, maana kwa neno moja, na nukuu. Aliye kiwango cha B1, yaani cha kati katika ngazi za Ulaya za A1 hadi C2, atafunga ukurasa baada ya dakika tano, na sitamlaumu.

Kluge

Friedrich Kluge alitoa Etymologisches Wörterbuch der deutschen Sprache mwaka 1883. Alikuwa na miaka 27. Baadaye alipofuka, akaendelea na kazi. Kitabu kimemzidi umri kwa mbali: kimehaririwa na mwanazuoni mmoja baada ya mwingine, na tangu toleo la 22 la mwaka 1989 mikononi mwa Elmar Seebold, ambaye alikiandika upya kwa kiasi kikubwa. Toleo la 25 ni la mwaka 2011, mchapishaji de Gruyter.

Kluge wa Seebold ni mkavu, mfupi, na makini kuliko wote kwa swali la "je, jambo hili linajulikana au linakisiwa?" Kila kidahizo kinabeba karne ya kuonekana kwake kwa mara ya kwanza, mwanzoni kabisa, kabla ya maelezo. Kwa kipimo changu cha tarehe, hapo anapata alama zote. Ukitaka kumnyamazisha mtu anayebishana, Kluge anamaliza ubishi kwa mstari mmoja.

Anang'aa zaidi kwenye maneno ambatani ambayo sehemu zake zimekufa. Bräutigam, bwana arusi: Braut ni bibi arusi, sawa, lakini -gam? Ni gomo ya kale, mwanamume. Vormund, mlezi wa kisheria, haina uhusiano na Mund, mdomo. Ni munt, ulinzi, neno la sheria za kale. Armbrust ndilo kinara wa wote: kwa macho ni mkono na kifua, na kitu chenyewe ni upinde wa kivita unaofyatuliwa kama bunduki. Asili yake si Kijerumani kabisa. Ni arcuballista ya Kilatini, upinde na mtambo wa kurushia, iliyopita Kifaransa cha Kale na kufika kwa askari wa Kijerumani ambao hawakuielewa, wakaitengenezea viungo vya mwili.

Bei yake ndiyo kikwazo. Ni kitabu cha wanazuoni na kinauzwa kwa bei ya wanazuoni, ongeza posta hadi Mombasa au Mwanza. Kama chuo chako kina idara ya Kijerumani, uliza maktaba kabla ya kufungua pochi.

Duden

Kamusi ya asili ya maneno ya Duden, Das Herkunftswörterbuch, ni juzuu ya saba ya mfululizo wao maarufu, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963. Haikuandikwa kwa wataalamu, na inajivunia hilo. Inapanga maneno kwa koo: neno la msingi linakaa juu, na watoto na wajukuu wake, pamoja na maneno ambatani, wanafuata chini yake. Kwa mwalimu anayetaka kujenga msamiati wa darasa zima kwa saa moja hii ni dhahabu. Kwa mtu mwenye swali moja la neno moja, mara nyingine inabidi ujue ukoo kabla ya kumpata mtoto. Lugha yake ni nyepesi, bei inavumilika. Kina hakuna.

Usichanganye kitabu hiki na mistari mifupi ya Herkunft kwenye tovuti ya duden.de. Ile ni ya bure na inasaidia kwa haraka, ila ni muhtasari wa muhtasari.

Pale zote nne zinapokwama

Kuna maneno ambatani ambayo hayana fumbo lolote ndani. Kindergarten ni bustani ya watoto, kila sehemu iko wazi. Swali hapo ni nani alilitunga na lini, na jibu ni mwalimu Friedrich Fröbel, Blankenburg huko Thüringen, mwaka 1840. Weltschmerz, maumivu ya dunia, linapatikana kwa mwandishi Jean Paul, katika kitabu chake Selina kilichotoka 1827, baada ya kifo chake. Maneno kama haya yana mzazi na cheti cha kuzaliwa, na kamusi ya asili ya maneno hupita juu yake upesi kwa sababu hakuna mzizi wa kufukua.

Elfenbeinturm, mnara wa pembe, ambako wasomi hujifungia wasione dunia, ni wa aina ya tatu. Picha yenyewe ni ya Biblia: katika Wimbo Ulio Bora, sura ya 7, shingo ya mpendwa inafananishwa na mnara wa pembe. Maana ya msomi aliyejitenga ilitoka Ufaransa, kwa mhakiki Sainte-Beuve, mwaka 1837, alipomsema mshairi Vigny. Wajerumani waliitafsiri kipande kwa kipande. Kwa hiyo neno zima linaonekana la Kijerumani hadi kucha, na wazo lake ni la kuazima. Ukiligawanya vipande hutagundua lolote. Unahitaji kuona lilianza kuandikwa lini na nani. Kwa kazi hiyo rudi DWDS, achana na sehemu ya Etymologie, fungua hifadhi zao za matini. Wana magazeti na vitabu, na wana Deutsches Textarchiv, yenye maandishi ya tangu takriban 1600 hadi 1900. Mchoro wao wa mwenendo wa neno unakuonyesha lilipanda lini na kushuka lini. Hapo kamusi yoyote iliyochapishwa inazidiwa.

Uchague ipi

Uko A2 hadi B2, unataka kuelewa na kukumbuka: Pfeifer ndani ya DWDS, na inatosha. Nikilazimishwa kubaki na moja tu maishani, ni hiyohiyo, na sisemi hivyo kwa sababu ya bure peke yake.

Unatafsiri, unasoma hati za wamisionari au za utawala wa Kijerumani katika Afrika Mashariki, au unafuatilia maandishi ya kabla ya 1900: ongeza Grimm. Pembe zilikuwa biashara ya nyumba za Hamburg zilizokuwa na ofisi Unguja tangu katikati ya karne ya 19, O'Swald na Hansing, na mwandishi wa wakati ule hakutumia maneno kama tunavyofundishwa leo.

Unaandika tasnifu ya isimu: Kluge, toleo la 25, na umtaje pamoja na Pfeifer pale wanapotofautiana. Unafundisha sekondari au darasa la jioni: Duden juzuu ya saba mezani, Pfeifer kwenye simu.

Kabla ya kuanza, jifunze vifupisho vitatu na alama moja, vinginevyo zote nne zitakuwa giza. Ahd. ni Kijerumani cha Kale cha Juu. Mhd. ni cha Kati, takriban 1050 hadi 1350. Vgl. ni "linganisha". Nyota mbele ya neno ina maana kwamba umbo hilo halijaonekana limeandikwa popote. Wataalamu wamelikisia kwa kulinganisha lugha. Usilinukuu kana kwamba mtu aliwahi kuliandika.

Na ukikutana na Kluge wa bure kwenye mtandao, tazama mwaka kwenye ukurasa wa jina. Nakala nyingi zilizopigwa picha na kuwekwa huko ni za matoleo ya karne ya 19, kabla ya Seebold hajazaliwa. Jina la jalada ni lilelile, na maelezo mengi ya ndani yalishabadilishwa.